Kuku Thelathini Kati ya Arobaini

Kata ya chini, 4 Februari

Mdogo wangu,

Hatujambo huku, ukiondoa goti langu la kushoto na jogoo wa fundi cherehani, ambaye tangu juzi anazunguka duara kama mtu aliyesahau alichotumwa. Barua hii naiweka juu ya kisanduku cha barafu, ndani ya mfuko wa nailoni isilowe. Simu nimechoka nayo. Nikipiga mimi uko kwenye kikao, ukipiga wewe mimi nimeshika kuku.

Umesema mwaka huu maabara yenu inataka kujua kila kata ina magonjwa gani ya mifugo na kwa kiasi gani, na kwamba umenipendekeza niwe mkusanyaji wa sampuli wa kata ya chini. Nashukuru. Ila usidhani ndiyo kwanza naanza kuhesabu. Daftari langu lina miaka kumi na moja. Januari peke yake nimeitwa kwa kuku sitini na mmoja waliokufa: kideri ishirini na wawili, kuhara damu kumi na wanne, ndui tisa, mafua wanane, mwewe watano, na watatu nimeandika "jirani", kwa sababu manyoya yalipatikana ila kuku hakupatikana. Ng'ombe wa maziwa ni homa ya kiwele. Mbuzi mwaka huu minyoo imewasumbua kuliko mapafu. Haya hakuna aliyenifundisha darasani. Nilipasua kuku kwenye meza ya jikoni mpaka nikajua ini zima linafananaje na ini bovu, na kudondosha chanjo jichoni nilijifunza kwa kuwaangalia wengine wakikosea.

Basi hawa hapa kuku kumi wa mwanzo, yaani pamba nilizopitisha kooni mwao, kila moja kwenye kichupa chenye namba. Nimewachukua nyumba zilizo kando ya njia ili basi la saa tatu lisiniache. Nitumie majibu. Nitumie na habari zako mwenyewe, si za kazi tu. Hapa mtaani wananiuliza mdogo wake Fundi Kuku anaendeleaje, nami najibu kwa kubuni.

Dada yako

*

Maabara, 13 Februari

Dada mpendwa,

Shikamoo. Kisanduku kilifika barafu ikiwa bado barafu. Majibu ni haya: kati ya kumi, mmoja tu ana kideri, kichupa namba saba. Tisa hawana kitu. Usivunjike moyo. Pengine kata yetu haina mengi mwaka huu.

Nikueleze ninapofanyia kazi. Chumba ni kirefu, kina masinki matatu, na mashine ya baridi haizimwi kwa ajili ya sampuli, kwa hiyo tunashinda na masweta hata jua likiwaka nje. Mkuu wetu tunamwita Mama Maabara. Siku ya kwanza aliniona natetemeka, akanivulia sweta lake la kijivu, akasema nilirudishe nikipata langu. Mpaka leo hajaliulizia. Tunapojaza majedwali ananiketisha karibu naye, na akikukosoa anakukosoa kwa sauti ya chini mpaka unatamani ukosee tena. Chai ya saa nne tunakunywa pamoja, ananisimulia alivyoanza.

Kuna mkusanyaji wa kata ya juu, mwalimu mstaafu. Tunamwita Bwana Kofia kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila kofia. Huyo ni wa peke yake. Kisanduku chake kikifunguliwa hakikosi kitu: kideri, ndui, homa ya mapafu ya mbuzi. Mama Maabara alisema mbele ya wote kwamba mzee huyu ana jicho. Natamani kila kata ingekuwa na mtu kama yeye.

Kwako nahitaji kuku thelathini zaidi kabla mwezi haujaisha, ili watimie arobaini. Litunze goti.

Mdogo wako

*

Kata ya chini, 21 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu. Ina mistari hamsini na miwili. Mama Maabara kapewa kumi na saba, Bwana Kofia kumi na mmoja, baridi ya huko tisa, majibu ya kuku kumi na miwili. Mimi nimepata mitatu, na katika hiyo miwili ni ya kuniambia nisivunjike moyo.

Sweta nilikufumia. La bluu, lenye mifuko miwili. Uliliacha kwenye msumari nyuma ya mlango ukisema mjini hakuna baridi. Bado lipo, nimelikung'uta vumbi leo. Lakini sawa, la kijivu limekukaa.

Halafu hilo neno Mama. Najua ni heshima ya kazini, hata mimi nina watu wanaoniita mama na sijawahi kuwazaa. Ila mama yetu alipotutoka wewe ulikuwa na miaka saba, mimi kumi na tisa, na kwa miaka ishirini neno hilo hukuwa na pa kulipeleka. Kwangu hukulileta. Uliniita Dada, nikaitika, nikaona inatosha. Sasa nasikia limepata mwenyewe, huko kwenye mashine ya baridi, kwa chai ya saa nne.

Na huyo mwenye kofia. Mimi nilikuwa nimeshapasua kuku mia yeye akiwa bado anafuta ubao. Mwambie Mama yenu kwamba na huku chini watu wana macho, tena mawili mawili.

Kuku thelathini hawa hapa. Hawa sikuwachukua ovyo kama wale kumi. Nimezunguka siku sita, baiskeli nimeisukuma zaidi ya kuipanda, na goti limejua. Kisanduku kikifunguliwa nataka uwe umesimama karibu umwangalie Mama yenu usoni, kisha uniandikie ulivyomwona.

Dada yako

*

Maabara, 3 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Nilisimama karibu kama ulivyotaka. Kati ya thelathini, ishirini na tisa wana kideri. Mama Maabara alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena, akauliza nani kakusanya hawa. Nikasema ni mkusanyaji wa kata ya chini. Akasema, "Huyu kamzidi hata Bwana Kofia." Nimekuandikia kama alivyotamka.

Ukijumlisha na wale wa mwanzo ni thelathini kati ya arobaini. Asilimia sabini na tano, Dada. Hakuna kata nyingine iliyofika hata nusu. Kwenye kikao cha Jumanne niliambiwa nilisome jedwali mwenyewe mbele ya wakubwa, na nilipofika mstari wetu hata waliokuwa wakinong'ona waliinua vichwa wakashika kalamu. Tangu niajiriwe sijawahi kusikilizwa hivyo. Mmoja alinifuata hadi mlangoni kuniuliza jina langu.

Mengine nitakuandikia. Sasa hivi naitwa.

Mdogo wako

*

Kata ya chini, 11 Machi

Mdogo wangu,

Jumamosi soko la kuku halikufunguliwa. Walikuja watu wawili na gundi, wakabandika tangazo getini: karantini, siku tisini, kuku asiingie wala asitoke kata ya chini, kwa kuwa kuku sabini na watano kati ya kila mia wana kideri. Muhuri upo, sahihi ipo. Watu walikuwa wameshapanga matenga yao. Muuza mayai alikaa juu ya tenga akaniangalia tu, maana wote wanajua ni nani aliyekuwa akipita na vichupa. Fundi cherehani aliniuliza kama nimewauza. Aliniuliza kwa upole, na huo upole ndio ulionichoma.

Waliniachia nakala ya tangazo. Nimekaa nikapiga hesabu nyuma yake. Kata ina kuku elfu sita na mia mbili, niliwahesabu wakati wa chanjo ya Novemba. Asilimia sabini na tano ni elfu nne mia sita na hamsini. Kideri kikishika kuku elfu nne na kitu huhitaji maabara, mdogo wangu. Unaamka asubuhi husikii jogoo hata mmoja. Mimi leo jogoo wameniamsha kama kawaida, tena kwa fujo.

Kwa hiyo nakwambia nilichofanya, maana naona hukukijua, au hukutaka kukijua. Wale thelathini niliwachagua. Kila nyumba niliuliza nani ana kuku anayesinzia, nani ana kuku mwenye kinyesi cha kijani, nani wake shingo imempinda. Mzima nilimpita. Nyumba yenye wazima watupu nilishukuru nikaenda zangu. Karibu wote wametoka mitaa miwili ya nyuma ya kiwanda cha matofali, ambako Novemba walinifungia mlango nikiwa na chanjo mkononi.

Hukuniambia nichukue wagonjwa, na hukuniambia nisichukue. Uliniambia kuna mtu ana jicho na kwamba Mama yako kamsifu. Nikaenda kutafuta cha kukurudisha kwangu, nikakipata, ishirini na tisa.

Kosa ni langu. Lakini jedwali ni lako. Lirekebishe.

Dada yako

*

Maabara, 15 Machi

Dada,

Shikamoo. Umeniponza.

Taarifa imeshatiwa sahihi na kusambazwa. Nikienda sasa kusema sampuli zilichaguliwa, swali la kwanza litakuwa kwa nini sikukuuliza ulivyowapata. Niko kwenye miezi sita ya majaribio, imebaki miwili. Wanaotaka kiti changu nawajua kwa viatu.

Nakuomba uvumilie. Kati ya siku tisini zimeshapita saba. Mwezi wa sita tunakusanya upya, namba itashuka yenyewe, na kila mtu atasema karantini imefanya kazi yake. Wafugaji wataudhika, ndiyo, lakini watasahau. Wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba kuku anayesumbuliwa na wenzake mtu humtenga kimya kimya akapona.

Usimwambie mtu. Hasa usimwandikie Mama Maabara.

Mdogo wako

*

Kata ya chini, 19 Machi

Kwa Mkuu wa Maabara,

Barua hii nimeifunga kwa kamba nje ya kisanduku ili uione wewe kabla ya mwingine.

Mimi ni mkusanyaji wa kata ya chini. Nasikia uliuliza nani kakusanya wale kuku thelathini. Ni mimi, na niliwachagua. Nilichukua wagonjwa nikaacha wazima, kwa makusudi, siku sita mfululizo. Namba mliyoipata ni ya kweli kwa hao thelathini na ni uongo kwa kata. Kata hii ina nyumba mia nne na kumi na mbili zinazofuga kuku, na zote zimefungiwa soko kwa ajili ya nyumba ambazo nadhani hazizidi arobaini. Hata chanjo ya jicho siwezi tena kuwapelekea, hawanifungulii.

Afisa wako wa takwimu hakujua. Alinipa maelekezo yaliyonyooka, mimi ndiye niliyeyapindisha.

Utauliza kwa nini. Ni wivu. Nilisikia umemsifu mtu mwingine, na nilisikia mengine pia kuhusu wewe ambayo hayakunifurahisha ingawa yote yalikuwa mema. Mimi elimu yangu ni ya darasa la saba na meza ya jikoni. Nikaona mahali pekee ninapoweza kukufikia ni ndani ya kisanduku. Si jambo la mtu wa miaka yangu, ila nimelifanya na naliandika.

Naomba uniambie namna ya kuhesabu upya. Nitahesabu bila kudai chochote.

La mwisho si la kazi. Afisa wako kifua chake hakipatani na baridi. Akianza kukohoa asubuhi msimwache mpaka jioni.

Mkusanyaji, kata ya chini

*

Maabara, 25 Machi

Ndugu Mkusanyaji,

Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikavuta kiti nikaisoma tena.

Kosa la kwanza ni letu. Tuliwasifu wakusanyaji kwa kupata ugonjwa, kana kwamba tumewatuma kuutafuta, ilhali tuliwatuma kupima umeenea kiasi gani. Nimemwandikia pia mwalimu wa kata ya juu kumuuliza yeye huwapataje wanyama wake. Amejibu kwamba haoni sababu ya kulisumbua basi kwa ajili ya mbuzi mzima. Kwa hiyo jedwali zima linarudiwa, si mstari wako peke yake.

Karantini siwezi kuiondoa kwa barua ya kujuta. Itaondolewa na namba. Fuata barabara, chukua kila nyumba ya kumi mpaka zitimie arobaini, wawe na wagonjwa au wasiwe nao. Katika kila nyumba chukua kuku watatu wa kwanza kutoka mlango wa banda unapofunguliwa. Usichague.

Kuhusu kifua cha afisa wangu, nilishangaa umekijuaje, nikamuuliza. Amesema anakufahamu kama anavyowafahamu wakusanyaji wengine, na kwamba pengine alikohoa mbele yako siku ya mafunzo. Hata hivyo nimemsogeza mbali na mashine.

Mkuu wa Maabara

*

Kata ya chini, 6 Aprili

Kwa Afisa wa Takwimu,

Vichupa mia moja na ishirini vimo, kwenye visanduku viwili. Nyumba ni arobaini kama ilivyoagizwa, orodha iko kwenye karatasi ya njano, pamoja na namna nilivyohesabu.

Kuna jambo moja nimelibadilisha, mfikishie Mkuu. Sikuchukua watatu wa kwanza kutoka. Wanaotoka kwanza banda likifunguliwa ni wenye nguvu. Mgonjwa hubaki kwenye kona mpaka jua lipande, na wengine hawatoki kabisa. Kwa njia ile kata ingeonekana haina kideri hata kidogo, na huo nao ni uongo, ila ni uongo wa kupendeza. Mimi nilifika kabla ya mabanda kufunguliwa, nikahesabu kuku walivyolala kwenye fito kuanzia mlangoni, nikamchukua kila wa tano mpaka wakatimia watatu. Waliolala chini niliwahesabu pia. Penye kuku wachache, nilipofika wa mwisho niliendelea kuhesabu kuanzia tena mlangoni.

Nyumba tatu zilinitukana kabla ya kunifungulia. Muuza mayai alisema nikimgusa kuku wake tena atanichanja mimi. Nilimgusa. Ni kichupa namba sitini na nne.

Kuhusu kukohoa mbele yangu siku ya mafunzo, hiyo siku siikumbuki. Nakumbuka nyingine. Nakumbuka zile siku tisa za surua, na mvuke wa sufuria, na wewe ukinishika kidole hiki hiki kinachoandika.

Mkusanyaji, kata ya chini

*

Maabara, 14 Aprili

Dada,

Shikamoo. Sijui kama utaitikia.

Majibu kwanza, maana wewe na wenzako mnayasubiri. Ni saba kati ya mia moja na ishirini. Karibu sita kwa mia. Katika hao saba, sita ni wa nyuma ya kiwanda cha matofali. Karantini inabaki kwenye mitaa hiyo miwili tu, na soko linafunguliwa Jumamosi. Kuku wa muuza mayai ni mzima.

Sasa lile jingine. Nilitaka kukuandikia kwamba kuna kanuni inayokataza ndugu kufanya kazi pamoja. Nimeiandika sentensi hiyo mara mbili, nikaikata mara mbili. Kanuni hakuna. Mama Maabara aliponiuliza alikuwa ameshika barua yako, watu wanne wanasikiliza, nikasema nilichosema. Kilinitoka chepesi mno.

Dada, huko nyumbani sijawahi kuwa na jina. Shuleni nilikuwa mdogo wake Fundi Kuku. Dukani, zahanati, kisimani, mdogo wake Fundi Kuku. Nikafaulu, watu wakakupongeza wewe. Nikapata kazi, wakasema Fundi Kuku kamfikisha mbali mdogo wake. Ni kweli, na kwa kuwa ni kweli sikuwa na wa kumkasirikia. Nilitaka pawe na chumba kimoja, hata kama ni cha baridi, ambacho hujaingia. Kisha nikakupendekeza mwenyewe, kwa sababu ilipokuja kazi ya kukusanya sikuona wa kukushinda, na kisanduku chako cha kwanza kilipokosa kitu, Mungu anisamehe, nilifurahi kidogo. Ndiyo maana nilikuandikia sana habari za Bwana Kofia.

Na kile cha pili kilipofika sikukuuliza uliwapataje, kwa sababu nilihofia jibu. Ile sabini na tano nilitaka iwe yangu, angalau kwa Jumanne moja.

Sasa umeingia bila kuingia. Karatasi yako ya njano imebandikwa juu ya sinki la katikati. Mtu akikosea anaambiwa afanye kama yule wa kuhesabu kwenye fito. Jana kwenye chai Mama Maabara alisimulia habari zako dakika ishirini, nilikuwa natazama saa ya ukutani. Sikumaliza kikombe changu. Nikajua ulivyojisikia mwezi wa pili ulipokaa na kalamu.

Anataka uje tarehe 5 na 6 Mei uwafundishe wakusanyaji wa kata zote, Bwana Kofia akiwemo. Barua rasmi inakuja. Majaribio yangu yameongezwa miezi mitatu. Nilimweleza mwenyewe kwamba hukupewa maelekezo yoyote yaliyonyooka, na kwamba nilikuomba unyamaze. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nirudi nikajaze jedwali.

Ila bado hajui wewe ni nani kwangu. Leo nilifika hadi mlangoni kwake nimwambie. Nikaona nikuulize kwanza kama bado unakubali kuitwa dada yangu.

Mdogo wako

*

Kata ya chini, 21 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba.

Soko lilifunguliwa. Muuza mayai alinipa mgongo mpaka saa tano, kisha akaniuliza, akiwa bado kanipa mgongo, nitapita lini na chanjo. Nyuma ya kiwanda cha matofali nimechanja nyumba ishirini na sita kati ya thelathini na moja. Tano bado wananichungulia dirishani.

Barua yako niliisoma nimesimama jikoni, na maji niliyoyabandika yakachemka mpaka yakakauka. Hilo la jina sikulijua. Nilikuwa nikisikia wanavyokuita nikaona wanatupenda. Radhi ya kukulea sikuombi, hilo nilifanya vizuri na nitalisema popote. Lakini kila mtu alipokuuliza unaitwa nani, nilijibu mimi, hata ulipokuwa mkubwa wa kutosha kujibu. Kwa hilo naomba radhi.

Kwamba ulifurahi kisanduku changu kilipokosa kitu, nimeumia. Nimeumia, kisha nikacheka peke yangu, maana mimi nimewahi kuomba Bwana Kofia aangushe chake mtoni. Huyo Mama yako wa huko simpendi bado. Amekusogeza mbali na mashine, nimeona, na hata kwa hilo nimemwonea kijicho. Nitajitahidi siku mbili. Zaidi ya hapo siahidi.

Nitakuja. Nisikudanganye kwamba nakuja kwa ajili yako. Siku kama hiyo nimeitaka tangu hujajua kusoma, na sitaiacha ipite kwa wivu wako wala wangu. Usimwambie chochote kabla sijafika. Ukisema, nataka isiwe kwa sababu nimekukubalia, wala kwa sababu watu wanne wanakuangalia.

Tufanye hivi. Kuanzia saa mbili asubuhi nitakuita Afisa, nawe niite Mkusanyaji. Nikikosea kwenye jedwali nikosoe mbele yao, Bwana Kofia asikie. Hivyo hivyo mpaka saa kumi, mkifunga. Saa kumi na dakika moja nitakuwa nje ya geti na mfuko wangu. Mtatoka kwa kundi, najua, na Mama Maabara atakuwa katikati yenu. Ukipita na wenzako sitakuita. Nyumba ya wageni iliyo karibu na stendi nimeshaiulizia, wana chumba.

Ukisimama, watauliza huyu ni nani yako. Nitanyamaza. Safari hii ujibu wewe.

Dada yako